Maji Yasiyotoa Povu

Nyumba za wafanyakazi, laini namba saba,
Kericho.
Jumapili, baada ya kanisa.

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, kifua kimeacha kunisumbua tangu ninunue ile sweta uliyonisisitizia, na natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, mguu umepungua kuvimba na kuku bado ni wako, si wa mwewe. Je, paa la jikoni lilirekebishwa? Na kisima je? Mara ya mwisho ulilalamika kwamba maji yake bado hayatoi povu, kwamba shuka mbili tu zinakumalizia kipande kizima cha sabuni. Nimeyafikiria sana maji yako wiki hizi, na utajua kwa nini ukisoma hadi mwisho.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila Jumatano. Utasema Omollo amepatwa na nini. Mama, kwenye simu wewe huuliza na mimi hujibu haraka haraka, na majibu yangu ya haraka si ya kuaminika. Najua pia ungependa nikuandikie kwa Kijaluo. Nilijaribu, nikafika mstari wa tatu nikaona aibu kwa makosa yangu mwenyewe. Basi nivumilie kwa Kiswahili. Anayekuletea ni Elmina wa kwaya, pamoja na majani ya chai kilo mbili na sukari. Ukiona sukari imepungua, muulize yeye.

Sasa habari yenyewe. Unakumbuka nilikutajia Chepchirchir, yule mwalimu wa Mulot. Nilipomtaja ukaniuliza bei ya mahindi huku. Baba yake ni Mzee Weldon, aliyekuwa karani wa kituo cha kupimia majani mpaka alipostaafu. Ana ekari mbili za chai, ng'ombe watatu wa maziwa, na sebuleni ana kitu ambacho sikuwahi kukiona katika nyumba ya mkulima: tenki la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji na samaki wa rangi ya chungwa. Daktari alimwambia atafute kitu cha kutazama ili presha ishuke. Wengine wangetazama mpira.

Samaki walikuwa kumi na mmoja na kila mmoja alikuwa na cheo. Mkubwa mwenye doa jeusi ni Mwenyekiti. Anayemfuata nyuma kila aendako ni Katibu. Kuna mmoja mnene anayekula kabla ya wengine na baada ya wengine, huyo ni Mweka Hazina. Waliobaki ni wanakamati. Mzee alikaa kwenye vikao miaka thelathini, na nadhani hii ndiyo kamati ya kwanza aliyowahi kuipenda.

Miezi miwili iliyopita alipangiwa upasuaji wa nyonga huko Eldoret, akae huko wiki tano. Mke wake hutunza ng'ombe, lakini samaki hataki hata kuwagusa, anasema wanamtazama vibaya. Chepchirchir yuko shuleni wiki nzima. Basi Mzee akaniita, akaniketisha mbele ya tenki, akasema kwamba kwa bahati njema Mungu amemletea mtu wa ziwa. Alisema sisi watu wa upande ule tunawajua samaki tangu tumboni, na kwamba hana wasiwasi hata kidogo.

Mama, hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Wewe unajua nilizaliwa wapi. Nilizaliwa laini hii hii, namba saba, milango minne kutoka hapa ninapoandika. Samaki ninayemjua mimi ni yule aliyekwisha kukaangwa. Lakini Mzee alikuwa ananitazama kwa furaha, na Chepchirchir amesimama mlangoni na chupa ya chai, na siku ya mazungumzo ya familia mbili, ile wao huiita koito, ilikuwa imekwisha kupangwa. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyezaliwa ndani ya mtumbwi. Mzee alipoanza kunieleza namna ya kubadilisha maji nikamkatiza, nikamwambia asijichoshe, hiyo ni kazi ya nyumbani kwetu.

Tena si uongo wa samaki tu ulionipa kiburi. Mimi ni mtu wa boila ya kiwanda cha chai, kama marehemu Baba; kazi yetu ni maji na mvuke. Miaka saba sasa napima maji kila asubuhi kwa zile karatasi zinazobadilika rangi, najua yakiwa na asidi, najua yakiwa na chokaa. Nani katika kijiji kile angejua maji kuliko mimi? Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Siku ya pili baada ya Mzee kuondoka nikalitazama lile tenki vizuri, nikashtuka kwa uchafu. Sponji ya kuchujia maji ilikuwa ya kahawia, ukiiminya inatoa tope. Chini kulikuwa na mawe meupe yaliyoota utelezi wa kijani, na nilipoyakwaruza nikagundua ni mawe ya chokaa, yale ya kule Fort Ternan. Mama, wewe ulikuwa mke wa mtu wa boila, unajua tunavyoichukia chokaa. Hiyo ndiyo huganda ndani ya mabomba mpaka yanapasuka. Niliyatoa mawe yote nikayapanga nje kwenye maua ya mama mwenye nyumba, na yeye akafurahi sana. Sponji nikaenda nayo kazini nikaipiga mvuke mpaka ikarudi kuwa ya bluu kama ilivyotoka dukani. Kisha nikamwaga maji yote.

Badala yake nikaleta maji ya mvuke. Mvuke ukishapita kwenye mabomba ya kukaushia chai hupoa ukarudi kuwa maji, na sidhani kuna maji safi kuliko hayo Kericho nzima. Madereva wa malori huja kuyaomba wayatie kwenye betri. Nilibeba madumu sita, moja moja, kwa baiskeli. Nilipomaliza, tenki liling'aa mpaka ungedhani samaki wanaelea hewani. Mama Chepchirchir aliita majirani waje waone. Alinipa kibuyu cha mursik, akasema kweli kazi ya mtu huonekana, na mimi nikanywa maziwa yale nikijiona mkwe tayari.

Siku ya tatu Katibu alikufa. Nikasema labda ni uzee. Kufika mwisho wa wiki walikuwa wamekufa watatu, na waliobaki walikuwa wamelala chini, mapezi wameyabana, hawataki chakula. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka, na mpaka leo hakijatulia vizuri. Maji ni safi. Naona kupitia tenki mpaka maandishi ya kalenda ukutani upande wa pili. Kama wangekuwa kwenye matope ningeelewa. Niliwaza labda chakula kimeoza, labda moshi wa jikoni, labda yule mama kweli anatazamwa vibaya na kitu. Nilimuuliza Chepchirchir kwa simu kama baba yake huwaombea. Alikata simu.

Nilileta karatasi zangu kutoka kazini nikapima. Ilitoka tano. Mama, hiyo ni asidi, mmea wa chai ungefurahi lakini si samaki. Kwenye boila maji yakielekea huko tunatia soda mpaka yarudi juu, na kazi imekwisha. Soda ya kazini niliiogopa kwa kuwa ni kali. Halafu nikakumbuka yale magadi uliyonitumia mwezi wa pili, ya kulainishia mboga. Magadi ni soda ya Mungu, hayana kemikali, tumeyala tangu utotoni. Nikatia vijiko viwili vikubwa, nikakoroga kwa mkono, nikapima, karatasi ikapanda vizuri mpaka nane. Nilienda nyumbani nikiimba.

Asubuhi nilipopita kabla ya zamu, sita walikuwa wanaelea.

Siwezi kukuandikia nilivyojisikia. Nilikaa kwenye kiti cha Mzee nikawatazama. Nilikuwa nimefanya kila kitu ninachojua, na kila nilichojua ndicho kilichokuwa kimewaua, lakini kwa njia gani sikuelewa. Walibaki Mwenyekiti na Mweka Hazina, wameinua midomo juu ya maji wakihema. Siku hiyo niliomba ruhusa kazini, nikaingia mjini kutafuta mtu anayeitwa Gekara, ambaye huuza samaki wa mapambo nyuma ya soko. Ni Mkisii mfupi, mpole, amevaa gambuti hata dukani.

Gekara alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza nimefanya kazi ya boila miaka mingapi. Nilipomwambia saba alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaona uso wangu akaacha. Alinieleza kwamba samaki hujisaidia humo humo anamoishi, na uchafu huo hugeuka amonia, ambayo ni sumu. Lile tope la kwenye sponji na ule utelezi wa kwenye mawe ndimo wanamoishi wadudu wadogo wasioonekana, na kazi yao ni kuila sumu hiyo. Mimi nilikuwa nimewapiga mvuke. Maji yangu ya betri hayana kitu chochote ndani yake, hayana chumvi wala chokaa, kwa hiyo hayana nguvu ya kuzuia asidi, yanashuka tu. Mawe ya Mzee yalikuwa humo kwa sababu hiyo, yanayeyuka kidogo kidogo yakiyashikilia maji yasiyumbe.

Nikamuuliza, na magadi je? Akasema sumu ilikuwa imejaa humo tayari, ila katika asidi ilikuwa kama imelala. Maji yalipopanda ghafla, iliamka yote kwa mara moja. Laiti ningewaacha kwenye asidi yao na kubadilisha maji kidogo kidogo, pengine wangeishi.

Mama, nilirudi nikihesabu kwa vidole. Kwenye boila chokaa ni adui, kwa samaki chokaa ni rafiki. Kwenye boila usafi ni sheria, kwa samaki tope ndilo linalolinda uhai. Soda inaokoa huku, inaua kule. Nimefundishwa maji miaka saba na kumbe nimefundishwa maji ya chuma tu. Gekara alinipa kipande cha sponji chafu kutoka kwenye tenki lake, kinanuka, na nikamshukuru kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa keki. Nikayarudisha mawe, nikampokonya mama mwenye nyumba pambo la maua yake, nikawa nabadilisha ndoo moja tu kila siku, maji ya bomba yaliyolala ndani ya ndoo siku nzima. Mwenyekiti alijikaza wiki tatu. Alikufa siku moja kabla ya Mzee kurudi. Mweka Hazina alibaki peke yake, anakula.

Chepchirchir alikuja kutoka Mulot siku hiyo hiyo. Alilia kidogo, kisha akasema nimwambie baba yake kwamba stima ilipotea siku mbili na pampu ya tenki ikasimama. Kila mtu angeamini, stima hupotea kila mara huku. Alisema tukishamaliza koito tutamwambia ukweli, tena tutacheka. Nilikubali. Nilifanya hata mazoezi ya kusema njiani.

Mzee alifika Jumamosi, anatembea kwa kile chuma cha miguu minne. Hakutaka kuketi. Alienda moja kwa moja kwenye tenki, akainama, na akaanza kuita vyeo. Aliita Mwenyekiti, akangoja. Aliita Katibu. Alipofika kwa wanakamati sauti yake ilikuwa imeshuka, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na stima yangu mdomoni. Haikutoka. Nikamwambia ni mimi niliyewaua, nikamweleza yote, mawe, mvuke, madumu na magadi.

Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu, kwamba mtu wa ziwa amewezaje kufanya hivyo. Na hapo, Mama, nikasema nililosema. Nilimwambia mimi si mtu wa ziwa. Nilimwambia nilizaliwa laini namba saba, nikabatizwa kanisa lile la chini ya kiwanda, na kwamba nilikuwa na miaka kumi na miwili mwaka ule wa ghasia tulipofukuzwa, tukapakia vitu kwenye lori ukanipeleka nyumbani. Nilimwambia kwamba huko shuleni watoto walinicheka nilivyosema Kijaluo, wakaniita Jalang'o, yaani Mkalenjin, mtu wa huku, na niliporudi huku kutafuta kazi nikaitwa mtu wa ziwa. Nikamwambia nilichoka kukataa, ndiyo maana siku ile nilikubali. Nilisema mimi ni wa hapa. Nilisikia mdomo wangu ukisema hivyo na nikaogopa, kwa sababu nilijua siku moja nitakuambia.

Mzee aliketi akaomba chai. Akanywa kikombe kizima. Kisha akaniambia niende.

Sasa Mama, kuna jambo ambalo ndilo limenifanya nichukue kalamu, na samaki wamenisaidia tu kulifikia. Kila Jumatano unaniuliza kuhusu kazi ya kiwanda cha sukari huko karibu na nyumbani, na kila Jumatano nakuambia barua ya maombi iko mezani kwa mkubwa, wanafikiria, nafasi haijatokea. Mama, hakuna barua. Sijawahi kuiandika. Miaka minne nimekuwa nikikudanganya, na wewe umefagia ile nyumba uliyonijengea na kubadilisha kufuli lake ukiningoja. Nilijua ukiningoja hutakuwa na huzuni, na sikujua kwamba ninakutia sumu kidogo kidogo. Sitahamia huko. Nitakuja Krismasi, nitakuja ukiugua, na siku yangu ikifika nizikeni kando ya Baba. Lakini kuishi, nataka kuishi hapa. Nisamehe. Nimelia nikiandika mstari huu, na sijui kama ni kwa ajili yako au yangu.

Usifikiri nimesahau kwa nini uliapa hutakanyaga Kericho tena. Nilikuwa juu ya lori lile pamoja nawe, nimekaa juu ya cherehani. Sikuombi usahau.

Jana Chepchirchir alinijia na ujumbe wa baba yake. Mzee anasema tarehe ya koito haibadiliki, ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Lakini anasema amekwisha kusikia mambo mawili kutoka kwangu kuhusu mahali nilipotoka, na sasa hataki kusikia tena kutoka kwangu. Anataka mama yake Omollo aje aketi sebuleni kwake na amwambie yeye mwenyewe kijana huyu ni wa wapi. Alisema yeye alikuwa karani, haandiki uzito wa majani mpaka mwenyewe awepo pale kwenye mizani.

Mzee bado alikuwa na neno la mwisho. Alisikia kutoka kwangu, siku zile za mwanzo nilipokuwa najisifu, kwamba maji ya kisima chako hayatoi povu. Amemuuliza Gekara, na Gekara amemwambia maji ya namna hiyo yamejaa chokaa, na yakichanganywa kidogo na haya yetu mepesi huwa mazuri kwa samaki. Mzee anaomba ukija usihangaike na zawadi ya aina yoyote. Umletee dumu moja la maji hayo.

Mama, nilimuuliza Gekara kama dumu zima likimwagwa ndani halitamdhuru Mweka Hazina, maana sasa naogopa kila kitu. Alisema samaki hahamishwi maji kwa ghafla, hata kama maji mapya ni bora. Unaongeza kikombe kimoja, unangoja. Unatazama kama anahema. Unaongeza kingine. Basi mimi sikuombi uje kukaa. Njoo asubuhi, urudi jioni, nitakupeleka na kukurudisha mwenyewe. Ukishuka ukaona huwezi, tutageuka pale pale stendi na sitasema neno.

Na ukifika sebuleni kwa Mzee akakuuliza mimi ni wa wapi, sema utakavyoona ni kweli. Sitakukatiza.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na wanakwaya, na yule jirani wa mbuzi. Mpe Elmina jibu lako mkononi, au hata akirudi na dumu tupu nitaelewa.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Jairus Omollo.

Magadi yaliyobaki nimeyafunga kwenye karatasi nikayaweka juu ya kabati. Mboga zangu sasa ni ngumu, lakini nazila.